Chagua upande mmoja wa ziwa: ushauri kwa anayepanga safari ya gari isiyo na haraka

Watu wengi wakianza kupanga safari ya gari kwenye ukanda wa maziwa, swali lao la kwanza huwa: kulizunguka ziwa lote ni siku ngapi? Mimi nadhani swali hilo ndilo linaloharibu safari kabla gari halijawashwa. Ukishaamua kuzunguka, kila asubuhi unaamka ukidaiwa kilomita, na deni lenyewe unalilipa kwa kupita mbio palepale ulipotoka nyumbani kwenda kupaona. Afadhali uchague upande mmoja, uende nao pole pole, kisha urudi kwa njia ileile. Jua likishahama, hata rasi uliyoipita asubuhi utaiona kama hujawahi kuipita.

Ramani nazo hudanganya. Ziwa Cayuga, katika jimbo la New York, lina urefu wa kilomita 60 hivi, lakini upana wake kwa sehemu kubwa ni kama kilomita 3 tu. Unasimama ukingoni unaona nyumba za ng'ambo na rangi za mapaa yake, ila ukitaka kufika huko kwa gari lazima ulifuate ziwa mpaka lilikoishia. Maziwa makubwa ndiyo usiseme. Barabara zinazolizunguka Ziwa Superior zina kama kilomita 2,000 na zinavuka mpaka wa Marekani na Kanada. Mwenye wiki moja akizimaliza zote, picha zake nyingi zitakuwa za lami.

Sasa, upande upi? Anza na jua. Ukiwa ukingo wa mashariki, maji yako magharibi, kwa hiyo utapata machweo juu ya ziwa. Ukiwa ukingo wa magharibi utapata mapambazuko. Mimi si mtu wa kuamka alfajiri nikiwa likizo, hivyo mashariki hunifaa zaidi. Kumbuka pia uko wapi duniani. Karibu na Ikweta jua huzama wima na giza huingia upesi mwaka mzima, kwa hiyo fika unapolala mapema, uwe umeshakaa chini jua likianza kushuka. Kwenye maziwa ya Finland wakati wa kiangazi, mwanga wa jioni hukaa saa nyingi, na unaweza kula kwanza ndipo utoke kutazama.

Kisha angalia mnaendesha mkono gani. Kwenye nchi za kuendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uingereza, panga safari ya kwenda ili ziwa liwe kushoto kwako. Kwenye nchi za kulia, kama Rwanda, Italia na Marekani, liwe kulia. Ni jambo dogo lakini lina faida kubwa: kila ukiona pa kusimama unachepuka tu, hukatizi magari yanayokuja mbele. Ukilipanga kinyume utajikuta umepita sehemu nzuri tatu au nne kwa sababu kulikuwa na lori nyuma yako na basi mbele.

Usiamini kwamba barabara iliyochorwa kando ya maji itakuonyesha maji. Mara nyingi katikati kuna ukuta wa miti, au nyumba za watu zenye mageti, na unaweza kwenda nusu saa nzima bila kuona hata kipande cha ziwa. Fungua picha za setilaiti usiku kabla ya kulala, ufuate barabara polepole kwa kidole. Tafuta mahali inapopanda mlima, maana juu ndiko kunakoonekana mbali, na utafute vijia vinavyoshuka hadi ufukweni. Ziwa likiwa na barabara mbili, ile ndogo ndiyo yako. Pale Loch Ness, Scotland, barabara kuu ya A82 hupita ukingo wa kaskazini-magharibi na ndiyo inayobeba mabasi na malori. Ng'ambo kuna barabara nyembamba isiyo na pilikapilika, yenye sehemu ambapo inabidi mmoja asubiri ndipo mwingine apite. Ziwa ni lilelile, urefu wake kilomita 37, lakini ng'ambo unaweza kuzima gari ukasikia maji.

Jambo ambalo watu hulisahau kabisa ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, ya ziwani yenye ubaridi huja kujaza nafasi yake, na ndiyo maana siku za jua alasiri kando ya ziwa huwa na upepo na viwimbi. Usiku mambo hugeuka. Kwenye Ziwa Garda, Italia, pepo hizi zimezoeleka hadi zina majina: Pelèr huvuma asubuhi kutoka kaskazini, na Ora huingia baada ya adhuhuri kutoka kusini, ndiyo sababu wapenda mashua za matanga hukusanyika huko. Kwako wewe msafiri maana yake ni kwamba kila ziwa lina saa yake ya kutulia, nayo mara nyingi ni asubuhi. Maji yakitulia huwa kama kioo, na mlima mzima hulala ndani yake kichwa chini miguu juu. Mnapoanza kuona mikunjo midogo ikitambaa kutoka katikati kuja ukingoni, mjue kioo kimekwisha kwa siku hiyo. Basi mimi asubuhi siendeshi. Nakunywa chai nikitazama, naondoka jua likiwa limepanda, na siku nzima sizidishi saa tatu za usukani. Dereva ndiye anayefaidi kidogo kuliko wote garini, kwa hiyo kama mko wawili wenye leseni, pokezaneni.

Vivuko ni sehemu ya raha. Ziwa Como, Italia, lina umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na vivuko vinavyobeba magari huunganisha Menaggio, Bellagio na Varenna, pale katikati mikono inapokutana. Kuvuka hapo kunakuokolea mwendo mrefu wa kona, tena abiria wote, dereva akiwemo, wanatazama maji. Ila ulizia ratiba ya msimu unaokwenda, uangalie pia kama bima ya gari la kukodi inaruhusu kupanda kivuko au kuvuka mpaka. Ramani za zamani nazo zitakupoteza. Kwenye Ziwa Victoria upande wa Tanzania, magari ya Kigongo na Busisi yalikuwa yakipanga foleni ya kivuko, hadi lilipofunguliwa daraja la kilomita 3 hivi mwezi Juni 2025.

Kulala: weka nafasi ya usiku wa kwanza na wa mwisho, hapo katikati pabaki wazi, isipokuwa unakwenda msimu wa watu wengi. Kaa usiku mbili kila kituo. Usiku mmoja ni kufungua begi na kulifunga. Na kama ziwa liko juu sana, kwa mfano Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, lililo zaidi ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, siku ya kwanza usishike usukani kabisa, mwili uzoee kwanza.

Jambo la mwisho ni wadudu. Kwenye maziwa Victoria na Malawi, mainzi wadogo wa ziwani huibuka kwa wingi hadi huonekana kwa mbali kama moshi mzito unaosimama juu ya maji. Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada, nalo lina wa kwake, hujaa Juni na Julai, na makundi yao huonekana hata kwenye rada za hali ya hewa. Hawaumi, lakini hufuata taa. Ukiendesha usiku, kioo cha mbele kitajaa utando wa mafuta, na ukiwasha waipa kikavu ndiyo kwanza unaupaka. Jaza maji ya kioo yenye sabuni kidogo, weka kitambaa karibu, na ukifika, zima taa kabla hujafungua mlango.