Kabla hujamgunia aliye mbele yako kwenye mashine ya kujilipia

Sina subira ya foleni, na sioni aibu kulisema. Kwa miaka kadhaa nimesimama nyuma ya watu kwenye mashine za kujilipia dukani nikitazama saa na kuguna kwa sauti ya kusikika, nikiamini kwamba wanachelewa kwa sababu mikono yao ni mizito. Nilibadili mawazo siku nilipomtazama kwa makini mama mmoja aliyekuwa na bidhaa tatu tu. Kuzipitisha zote tatu kwenye kisomaji hakukumchukua muda wowote wa kutajwa. Muda uliliwa na kadi, ambayo ilikuwa ndani ya kipochi, kipochi kikiwa ndani ya mkoba, na mkoba ukiwa chini ya koti alilolishika mkononi.

Tangu hapo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kadi au simu ya kulipia iwe mkononi, na mfuko uwe umekwisha kufunguliwa, ungali kwenye foleni.

Ushauri wa pili niliupata kwa kuaibika. Niliweka mkoba wangu mahali pa kuwekea bidhaa zilizokwisha kusomwa, mashine ikagoma, taa nyekundu ikawaka, na watu watano wakanisubiri hadi mhudumu alipofika. Sikujua kwamba katika mashine nyingi sehemu hiyo ni mizani, ambayo hulinganisha uzito ulioongezeka na uzito unaotarajiwa wa bidhaa uliyoisoma, kwa hiyo kitu chochote cha ziada, hata mkono ulioegemea, huifanya isimame. Ukiondoa bidhaa mapema ili uipange vizuri mfukoni, matokeo ni hayo hayo. Basi iache ilipo mpaka umalize kulipa.

Pakiti iliyotoka kwenye jokofu huwa na umande unaoficha mistari ya msimbopau, na pakiti laini hujikunja. Ipanguse, uinyooshe, kisha uipitishe taratibu mara moja badala ya kuipunga hewani kama kipepeo. Ikikataa kabisa, na skrini ikiruhusu, andika tarakimu zilizo chini ya mistari, ambazo mara nyingi ni 13. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, na ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mashine huikataa namba yote badala ya kukutoza bidhaa ya mtu mwingine. Matunda yasiyofungashwa huwa na kibandiko chenye namba fupi: ndizi za kawaida, kwa mfano, ni 4011, na kuiandika ni haraka kuliko kupekua kurasa za picha.

Mwenye toroli lililojaa, au mwenye pombe inayohitaji mhudumu athibitishe umri, aende kwa keshia. Nalisema hili bila kuzungusha, kwa sababu hata yeye mwenyewe atahudumiwa mapema zaidi huko.

Na sisi tunaosubiri? Nimejaribu kuguna, na ninaweza kuthibitisha kwamba hakusaidii, kwani mtu aliyekwama akisikia pumzi nzito nyuma yake hubonyeza kitufe kisicho chake na kulazimika kuanza upya. Afadhali kumuuliza mara moja, kwa sauti ya chini, kama angependa kusaidiwa, na akikubali, mwonyeshe kwa kidole bila kugusa bidhaa zake wala kadi yake. Akikataa, rudi nyuma hatua moja, maana hakuna anayeandika namba ya siri vizuri akiwa anapumuliwa shingoni.

Wiki iliyopita nilifika kwenye mashine kadi ikiwa mkononi na mfuko ukiwa wazi, nikajiona fundi kamili, hadi kijana aliyekuwa nyuma yangu aliponiambia kwa upole, “Samahani mzee, mkoba wako umelalia mizani.” Nikauinua.