Gari inazima ukiachia ufunguo na stelingi inagonga: usinunue kolamu nzima kabla hujapima haya

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Corolla 110 otomatiki. Ukipiga stata inawaka, ukiachia tu ufunguo inazima. Siku nyingine inawaka vizuri halafu inazima ukipita kwenye tuta. Asubuhi ufunguo unagoma kuzunguka. Juu ya hayo, stelingi inagonga kok kok kwenye barabara mbovu. Fundi kakuambia swichi imekufa, kolamu (lile bomba linalobeba shafti ya usukani) imekufa, tafuta kolamu nzima. Kabla hujatoa hela naomba unisikilize, maana ugonjwa huo ulinipata kwenye gari la aina hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya gharama niliyolipa haikuwa ya lazima.

Mimi ilinitokea nikitoka Iringa kuja Dar. Nilikuwa nashuka mlima Kitonga nyuma ya lori la mizigo, mwendo wa polepole, kwenye kona. Injini ikakata. Hapo hapo stelingi ikawa nzito kama imefungwa kamba, na breki nilipoikanyaga mara ya tatu ikawa ngumu kama jiwe, kwa sababu injini ikizima haidrovaki (kile kifaa kinacholainisha breki) inabaki na upepo wa kukusaidia mara moja au mbili tu. Nilivuta hendibreki, nikaegemeza gari upande wa mlima. Mke wangu na watoto walikuwa ndani. Tukakata matawi tukayalaza barabarani nyuma ya gari, nikaweka na pembetatu.

Nikipiga stata inawaka, nikiachia inazima. Lori lililokuwa nyuma yetu likasimama, utingo akashuka, akaingiza mkono chini ya stelingi, akaminya soketi ya nyaya nyuma ya swichi akiisukumasukuma, akasema washa. Ikawaka na haikuzima. Akaniambia, "Kaka, hiyo swichi imeungua, usizime mpaka ufike." Nilifika Morogoro bila kuzima. Yule kijana alijua tatizo kwa dakika 2, na hakukubali kupokea hata hela ya soda.

Sasa kwa nini inawaka halafu inazima? Hapa kuna jambo moja linalowachanganya watu wengi kwa sababu ya majina. Sisi tunaita vyote "swichi", lakini pale kwenye stelingi kuna vitu vitatu tofauti. Kuna kitasa, yaani kile kichuma unachoingiza ufunguo. Kuna loki ya stelingi, ile pini inayotoka na kuzuia usukani usizunguke ukitoa ufunguo. Na kuna swichi yenyewe ya umeme, kidude cha plastiki kilichofungwa nyuma kabisa ya kitasa, ambacho nyaya zote zinaingia. Kila kimoja kinauzwa peke yake na kinabadilishwa peke yake. Fundi akisema "swichi imekufa" muulize ipi kati ya hizo tatu.

Ile ya umeme kwenye Toyota za umri huo ina njia mbili. Waya wa AM1 unaleta umeme wa betri na kuupeleka ACC na IG1: redio, wipa, dashibodi na vinginevyo. Waya wa AM2 nao unatoka betri, na kazi yake ni IG2, ambayo inalisha mfumo wa injini, pamoja na waya wa stata. Ukiwa umekaza ufunguo kwenye START, IG2 inapata umeme kupitia kigusio kimoja. Ukiachia ukarudi ON, inapaswa kuendelea kupata kupitia kingine. Kile cha ON kikiungua au kulika, injini inakosa umeme palepale unapoachia. Ndiyo dalili yako hasa. Pampu ya mafuta, plagi na koili mara nyingi zinasingiziwa bure.

Hili si jambo la kuahirisha. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa, yakiwemo Chevrolet Cobalt, kwa sababu ya swichi iliyokuwa legevu. Ufunguo uliweza kuteleza wenyewe kutoka ON kwenda ACC gari likiwa kwenye mwendo: injini inazima, stelingi inakuwa nzito, na eabegi (mifuko ya hewa ya kukukinga) hazifunguki ajali ikitokea. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Wenye magari waliambiwa, wakati wanasubiri kutengenezewa, watoe kila kitu kwenye ufunguo ubaki peke yake. Kwa hiyo nawe anza leo na hilo. Toa funguo za nyumba, kufuli la geti na mapambo yote. Uzito ule unaning'inia na kutikisika kila siku kwenye mashimo yetu, unakula kitasa na kulegeza swichi.

Kupima hakuhitaji fundi. Fungua kava la chini la kolamu, lina skrubu za nyota kwa upande wa chini. Utaiona soketi ya swichi. Ichomoe uangalie pini zake. Yangu ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyokolea upande mmoja, plastiki imelainika, na pini moja imeingia ndani. Irudishe, weka ufunguo ON, halafu chukua testa au mita na upime kwa nyuma ya soketi. AM1 na AM2 lazima ziwe na umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Zikikosa, tafuta fyuzi kwanza, swichi haina kosa. IG1 na IG2 lazima ziwe na umeme kwenye ON. Kama AM2 ina volti 12 na IG2 haina kitu, au inakuja na kupotea ukitikisa ufunguo, umemaliza upelelezi. Kipimo kingine ninachokipenda: washa wipa, weka ncha moja ya mita kwenye AM1 na nyingine kwenye IG1. Swichi nzima itakuonyesha karibu na sifuri. Yangu ilionyesha zaidi ya volti 1, na volti hiyo iliyopotea ndiyo joto lililokuwa likiunguza plastiki.

Tafuta pia kilichoiunguza. Kwangu, mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga taa kubwa za mbele na amplifaya ya redio, vyote vimechukuliwa moja kwa moja kwenye waya wa IG1 bila rilei (swichi ndogo inayoamshwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mkubwa). Ukifunga swichi mpya ukaacha nyaya hizo, utarudi gereji baada ya miezi michache. Mzigo mkubwa upitie rilei yenye fyuzi yake kutoka betri, swichi ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Kubadilisha swichi ya umeme ni kazi ya nusu saa, na nakuomba ulishike hili: USUKANI HAUTOLEWI. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kama gari lina eabegi subiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote, na soketi za rangi ya njano usizichomoe wala kuzipima kwa testa, hizo ni za eabegi. Fungua skrubu ndogo zinazoshika swichi kwa nyuma, ivute, linganisha na mpya ulimi wake ukae kwenye mkao ule ule, irudishe. Kama soketi ya upande wa nyaya nayo imeungua, nunua soketi yenye vipande vyake vya waya uunge vizuri kwa risasi ya kuchomelea nyaya. Swichi mpya kwenye soketi iliyoungua itaungua tena.

Sasa nieleze kosa lililoniumiza. Nilipofika Dar nilipeleka gari gereji moja. Kijana akaamua kutoa usukani, kazi ambayo haikuhitajika kabisa. Usukani ukagoma, akachukua nyundo akawa anagonga ncha ya shafti. Nilikuwa nimesimama pembeni na sikumzuia kwa sababu sikujua. Kolamu za magari haya zimetengenezwa zijikunje kifua cha dereva kikigonga usukani kwenye ajali. Ndani yake shafti ni vipande viwili vilivyoingiana, vimeshikwa na vipini vya plastiki vinavyokatika kwa makusudi. Nyundo inavikata bila ajali. Usukani wangu ukaanza kucheza mbele na nyuma, ukivuta unakuja na ukisukuma unaingia. Kolamu iliyokuwa nzima ikawa haifai, na hapo ndipo niliponunua nyingine.

Kwa hiyo kama siku moja utalazimika kutoa usukani, kwa mfano kubadilisha swichi ya indiketa, tumia pula (kifaa cha kuvutia usukani utoke). Au legeza nati ya 19 bila kuitoa yote, shika usukani pande mbili uutikise kulia na kushoto huku unavuta. Nati ikibaki na nyuzi kadhaa usukani hautakurukia usoni. Matairi yawe yamenyooka, na weka alama ya rangi kwenye shafti na usukani kabla hujautoa. Eabegi ukiitoa ilaze uso ukiangalia juu, mbali na watoto.

Kuhusu kugonga kwako: sidhani kama ni kolamu. Kaa ndani, shika usukani uuvute na kuusukuma, halafu uupandishe na kuushusha. Kama hauchezi, kolamu yako ni nzima. Kama unacheza juu na chini tu, angalia kwanza bolti ya mkono wa kushusha na kupandisha stelingi, mara nyingi imelegea tu. Kisha mwambie mtu azungushe usukani kidogo kulia na kushoto injini ikiwa imezimwa, wewe ingia chini kwenye pedali uweke kidole kwenye krosi ya shafti (kile kiungo kinachojikunja), pale inapoelekea kwenye reki inayokunja matairi. Ukisikia upande wa juu unazunguka kabla ya upande wa chini, umempata mwizi. Krosi hiyo inauzwa na kipande chake cha shafti. Kabla ya kuitoa weka alama pande zote mbili na funga usukani usizunguke, maana ukiuachia uzunguke hovyo kebo ya eabegi iliyo nyuma yake itakatika. Wakati wa kurudisha, bolti yake lazima ipite kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti. Ikikaa pembeni ya mfereji itaonekana imekaza, na siku moja shafti itachomoka ukiwa barabarani. Mimi huwa navuta kwa nguvu zote baada ya kukaza, halafu nakaza tena.

Na ikithibitika kweli kolamu imekufa, nenda kwa wauza spea wa Ilala au Gerezani, Dar, na yako mkononi. Zilaze pamoja. Ya mtumba ikiwa fupi kuliko yako, imetoka kwenye gari lililogonga na imeshajikunja, iache. Vuta na sukuma shafti, isicheze hata kidogo. Izungushe kwa mkono, isikwame popote.

Bado ufunguo unaogoma asubuhi. Kwanza jaribu kutikisa usukani taratibu huku unazungusha ufunguo. Ukiegesha matairi yakiwa yamekunjwa, pini ya loki inabanwa na ufunguo hauna kosa. Na ufunguo ukikataa kutoka, hakikisha gia iko P sawasawa. Kama bado, kitasa kimelika. Usikimiminie oili wala grisi, vumbi litaganda humo liwe kama udongo. Tumia unga wa grafiti. Kukitoa: ufunguo kwenye ACC, ingiza waya mgumu kama spoki ya baiskeli kwenye kitundu kilicho pembeni ya nyumba ya kitasa, bonyeza, vuta. Kinatoka chenyewe. Usikubali kuingizwa bisibisi na kupigwa nyundo, utavunja na loki. Ukinunua cha mtumba chukua na ufunguo wake, halafu mpelekee fundi funguo ahamishe vibati vya ndani viendane na ufunguo wako wa zamani, ili milango na stata vitumie ufunguo mmoja. Wenye magari mapya yenye chipu kwenye ufunguo, kitasa kikibadilishwa chipu ya zamani ndiyo ambayo gari bado linaitambua, msiitupe.

Kuna mafundi wanaoitoa pini ya loki ili "isikusumbue". Kama ni kuitoa, itoke yote pamoja na springi yake. Kipande kilichobaki ndani kinaweza kuchomoza ukiwa kwenye mwendo, na usukani ukifunga kwenye kona hakuna cha kufanya tena.

Ukimaliza, kabla ya kuingia barabarani, inua mbele kwa jeki uzungushe usukani mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto usikilize. Jaribu kila hatua ya ufunguo, indiketa, honi na wipa. Taa ya eabegi iwake kidogo halafu izime.

Anza na kile kipimo cha AM2 na IG2, halafu weka hapa majibu na picha ya soketi ikiwa imechomolewa. Mpaka hapo usipeleke hilo gari safari ndefu, na usipakie watoto.