Kumaliza Mkopo wa Nyumba Kabla ya Wakati

SWALI: Mimi na mume wangu tunadaiwa na benki shilingi milioni 40 za mkopo wa nyumba, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na rejesho letu ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Tangu tuanze kubeba chakula cha mchana kutoka nyumbani na kuegesha gari siku za kazi, tunabakiwa na shilingi 150,000. Je, tuzipeleke benki? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Zipelekeni, dada yangu. Ikiwa riba yenu hukokotolewa kwenye salio, basi mwezi huu shilingi 500,000 kati ya hizo 600,000 ni riba tupu, na deni lenyewe linapungua kwa 100,000 tu. Mkiongeza hizo 150,000 kila mwezi, miaka 12 iliyobaki itapungua hadi takriban saba na nusu. Hata hivyo, iandikieni benki barua ya kuagiza kwamba nyongeza hiyo ipunguze deni la msingi, kwani vinginevyo huenda ikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao, na mwulize kama mkataba unatoza ada ya kulipa mapema. Kwanza, lakini, wekeni akiba ya marejesho ya miezi mitatu, maana mshahara ukichelewa, nyongeza mliyokwisha kulipa haitawakinga na faini. Na tafadhali, msibane matibabu wala chakula cha watoto.