X ya kijani na bustani mbele ya duka

Ndugu yangu, umeuliza kama X ya kijani waliyochora watu wa barabara kwenye ukuta wa duka lako ina maana ulibomoe sasa, tena umelalamikia bustani wanayotaka kuweka mbele yake. Usiguse hata tofali! Nyekundu ndiyo ya asiyelipwa. Kijani ni ya fidia: Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na aliyekuwa kwenye kipande hicho tangu zamani ana haki yake.

Mthamini, yule anayekadiria fidia, akija, usihesabu ukuta tu. Kanuni za fidia za 2001 zinataja pia faida inayopotea, yaani faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Kwa hiyo panga leo daftari la mauzo, risiti za mashine, leseni.

Bustani nayo inaniuma kama inavyokuuma wewe. Kwetu walipanda ukoka, wakaacha mtaro wazi mbele ya mlango wangu. Wateja walipita juu ya ubao mmoja. Mama mjamzito aliutazama, akageuka. Tulikwenda majirani sita kwa mtendaji wa mtaa, tukapata vivuko vya zege. Nendeni mapema, muombe kuona mchoro kabla hawajachimba.