Kabla ya Kupeleka Imeji ya Linux Winguni: Kwa Wanaoanza Kazi

Kosa ambalo karibu kila anayeingia katika kazi hii hulifanya, na ambalo nami nililifanya, ni kuamini kwamba imeji inayowaka vizuri mezani kwake itawaka popote itakapopelekwa. Imeji ni faili moja lililobeba diski nzima, pamoja na kerneli, programu na mipangilio yake; tatizo ni kwamba hubeba pia kumbukumbu za mashine ilikozaliwa.

Yangu ya kwanza niliiandaa Njiro, hapa Arusha, juu ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe), ikawaka mara tatu bila hitilafu. Nilipoipandisha AWS, wingu la Amazon, mashine ilionyesha kuwa iko hewani lakini SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, haikujibu. Kutwa nzima nilibadilisha sheria za ulinzi wa mtandao, hadi jioni nilipofungua kumbukumbu za konsoli (ujumbe ambao mashine huandika inapowaka) na kukuta kerneli imeanza salama, kisha imekaa ikisubiri diski ya mzizi ambayo haitokei. Katika mifumo ya ukoo wa Red Hat, dracut ndiyo hutengeneza initramfs, mfumo mdogo ambao kerneli huanza nao ili iifikie diski ya mzizi, na kwa kawaida huweka ndani yake draiva za mashine iliyo mbele yake tu. Kwangu hizo zilikuwa za virtio, yaani vifaa pepe vya KVM, ilhali mashine za AWS za kizazi cha Nitro hutoa diski kwa NVMe na mtandao kwa ENA, zenye draiva zake tofauti. Niliijenga upya kwa dracut --no-hostonly --force, nikabadilisha pia /etc/fstab, orodha ya diski za kupachikwa, ili itaje UUID (kitambulisho cha kipekee) badala ya /dev/vda1, kwa sababu jina hilo kule halipo. Anzeni siku zote na konsoli, na hakikisheni kerneli imepewa console=ttyS0, yaani iandike kwenye mlango wa serial, la sivyo hamtakuwa na cha kusoma.

Miundo ya faili haina ugumu mkubwa. Azure, wingu la Microsoft, hutaka VHD, muundo wa diski wa Microsoft, ya ukubwa usiobadilika, unaogawanyika kwa MiB 1 kamili, hivyo qemu-img, chombo cha kubadilisha miundo, ipewe subformat=fixed,force_size; Google hutaka faili ghafi liitwalo disk.raw ndani ya tar.gz, OpenStack, programu huria ya kujengea wingu, hupokea qcow2, muundo wa diski wa QEMU, kama ilivyo. Kwa intaneti yetu, na umeme unaoweza kukatika faili likiwa njiani, msipandishe diski ghafi ya GB 20. Pandisheni qcow2 iliyobanwa kwa rsync --partial, ambayo huhifadhi sehemu iliyokwisha kufika, hadi kwenye seva ndogo iliyo winguni tayari, kisha mfanye ubadilishaji hukohuko.

Jambo linalosahaulika zaidi ni utambulisho. Nakala mbili zenye /etc/machine-id moja, yaani kitambulisho kimoja cha mashine, ni sawa na watu wawili wanaotumia namba moja ya NIDA: systemd-networkd, huduma ya mtandao ya mfumo, hutumia thamani hiyo kujitambulisha kwa DHCP, inayogawa anwani za mtandao, kwa hiyo mashine mbili zaweza kugombea anwani moja. Acheni faili hilo likiwa tupu. Funguo za SSH za seva ni hatari zaidi, kwani mwenye nakala moja anaweza kujifanya nakala nyingine. Zifutwe ili cloud-init, programu inayoandaa mashine ya wingu, itengeneze mpya mashine itakapowaka mara ya kwanza. Mimi hupenda virt-sysprep, ambayo husafisha imeji ikiwa imezimwa, kwa sababu usafi unaofanywa ndani ya mfumo unaoendelea kufanya kazi huacha makombo, hasa kumbukumbu za amri ulizoandika dakika ya mwisho.

Cloud-init ndiyo inayobeba tofauti za majukwaa, kwa kuuliza taarifa za mashine kwenye anwani 169.254.169.254, inayotumiwa na AWS, Azure, Google na OpenStack. Katika datasource_list, mpangilio wa cloud-init, tajeni majukwaa mnayoyatumia tu, vinginevyo mashine inaweza kupoteza muda ikibisha hodi kwenye milango isiyokuwepo.

Mwishoni, washeni nakala mbili kwa pamoja, kamwe si moja. Linganisheni machine-id na alama za funguo za SSH, kisha ziwasheni upya zote mbili, kwa sababu kosa la fstab linaweza kujificha hadi mtu anapozima mashine usiku wa manane.