Kumpeleka mama mkwe kula jiaozi
Dada yangu, umeuliza kama inafaa kumpeleka mama mkwe wako, mtu wa swala tano, kwenye mkahawa mdogo wa familia ya Kichina hapa Tanga. Inafaa, lakini tangulia wewe siku moja kabla ukaulize, kwa kuwa jiaozi, ambazo ni kama sambusa zilizochemshwa badala ya kukaangwa, mara nyingi hujazwa nyama ya nguruwe na kabichi, na hata zile za mayai huweza kupikwa katika sufuria ileile. Ulizia pia mvinyo wa mchele, ambao wapishi wengi huutia kwenye nyama bila kuutaja. Ukiridhika, mchovyee ya kwanza kwenye siki nyeusi, na umwambie aume pembeni kidogo, maana mchuzi wa ndani huunguza ulimi (nami nilijua kwa kuungua). Vijiti asilazimishwe, kijiko kinatosha.