Kutambua ioni na gesi maabara: dondosha, angalia, ndipo uongeze

Anayeanza kutambua chumvi, yaani ioni (chembe zenye chaji ya umeme) zinazoiunda, hukosea zaidi mkononi kuliko kichwani. Ukimimina sodiamu haidroksaidi kwa pupa kwenye ioni za zinki, mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitenga na kimiminika) hutokea na kuyeyuka kabla hujayaona, nawe utaandika "hakuna mabadiliko". Dondosha tone moja, tikisa, angalia, andika. Kisha ongeza tone kwa tone hadi izidi, na uandike tena. Hayo ni matokeo mawili tofauti, na jibu hutegemea yote mawili.

Chukua chumvi kiasi cha ncha ya kijiko cha maabara, yeyusha katika sentimita za ujazo 10 za maji yaliyokenekwa, na utumie kama sentimita 1 ya ujazo kwa kila jaribio. Usitumie maji ya bomba, hata kusuuzia tyubu mara ya mwisho: yana kloraidi, na silva naitreti itakuonyesha kloraidi isiyo ya chumvi yako.

Mashapo ya rangi hayasumbui sana. Shaba hutoa ya buluu, chuma(III) ya kahawia nyekundu, chuma(II) ya kijani. Haya ya kijani yasome mara moja, maana hewa huyageuza kahawia kuanzia juu.

Kazi ipo kwenye mashapo meupe. Ya kalsiamu hayayeyuki sodiamu haidroksaidi ikizidi. Ya zinki, alumini na risasi huyeyuka. Chukua basi sampuli mpya, si ile uliyokwisha kuichezea, utie amonia. Ikizidi, ya zinki huyeyuka, ya alumini na risasi hubaki. Kutenganisha hizi mbili, tia matone machache ya potasiamu ayodaidi: njano kali ni risasi.

Usipoona mashapo, usikate tamaa mapema. Pasha mchanganyiko wa sodiamu haidroksaidi polepole, mdomo wa tyubu ukielekea mbali na watu. Karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa ikigeuka buluu juu ya mdomo, kuna amoniamu. Isiguse kingo za tyubu, kwani alkali iliyorukia pale huigeuza buluu vilevile.

Kwa ioni hasi, asidi unayotanguliza ndiyo yenye maana. Kaboneti nayo hutoa mashapo meupe kwa bariamu kloraidi (kipimo cha salfeti) na kwa silva naitreti (kipimo cha kloraidi), kwa hiyo asidi huiondoa kwanza. Kabla ya silva naitreti weka asidi ya naitriki. Ya haidrokloriki ingeleta kloraidi yake. Kabla ya bariamu kloraidi weka ya haidrokloriki, kamwe si ya salfuriki.

Gesi inayochemka kutoka kwenye kaboneti, yaani kaboni dayoksaidi, ipitishe kwenye maji ya chokaa yaliyo angavu. Yakishakuwa meupe, acha: gesi ikiendelea kupita, weupe hutoweka, na atakayechelewa kutazama ataona maji tu. Salfa dayoksaidi nayo huyatia weupe, ila hunuka kwa ukali na hugeuza karatasi yenye potasiamu daikromati kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani. Kuinusa, pepea hewa ya juu ya tyubu kwa kiganja kuelekea puani. Usiinamishe uso juu yake.

Kijiti kinachofuka kikiwaka tena ni oksijeni. Haidrojeni inahitaji kijiti chenye mwali, tena mdomoni mwa tyubu mara tu unapouzibua, kwa sababu gesi hiyo nyepesi hupaa na kwisha haraka.